Kidonge Kisichoachwa Ghafla

Shangazi yangu anayeishi Bahati huweka dawa zake katika mkebe wa biskuti, juu ya kabati la vyombo, mbali na mikono ya wajukuu. Nilipomtembelea Desemba iliyopita niliuteremsha mkebe huo, nikazipanga paketi mezani, nikamuuliza kila moja ni ya nini.

"Ya presha," akasema.

Na hii?

"Ya presha."

Na hii ya tatu?

"Mwanangu, zote ni za presha."

Ile ya tatu ilikuwa tupu. Ilikwisha siku nne kabla ya mimi kufika, na kwa kuwa zile mbili nyingine zilikuwa bado zimo, hakuona haja ya kulipa nauli ya matatu mpaka mjini kwa ajili ya paketi moja. Tangu jana yake moyo ulikuwa ukimdunda hata akiwa ameketi, na kifua kilimbana alipokuwa akipanda kutoka shambani. Alidhani ni uchovu wa kuvuna mahindi. Kwenye paketi ile tupu paliandikwa jina linaloishia na herufi tatu: lol.

Tulimpeleka hospitalini mchana ule ule, na leo ni mzima. Lakini sijaacha kuziwaza herufi zile tatu. Watu wa Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha wanaomeza dawa za ukoo huo ni wengi, na nina hakika wengi wao wanajua tu kwamba ni ya presha. Hawajaambiwa kwamba hii, kuliko nyingi inazokaa nazo mkebeni, haipendi kuachwa ghafla.

Jina la ukoo huo ni vizuia-beta. Ndani yake wamo atenololi, propranololi, bisoprololi, metoprololi, kavediloli, nebivololi na labetaloli. Hiyo i ya mwisho nimeitia mimi ili majina yatamkike. Kwenye paketi haipo, kwa hiyo wewe tafuta lol. Tena litafute kwenye jina la dawa yenyewe, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara. Kampuni moja huipa dawa jina hili na nyingine huipa lile, na mgonjwa aliyebadilisha kemisti anaweza kurudi nyumbani na paketi ya rangi tofauti, akaimeza pamoja na ile ya zamani akiamini ni dawa mbili. Ni moja, na amemeza maradufu.

Presha si ugonjwa wa wachache huku kwetu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliokuja kuchunguza macho ya wakazi wa iliyokuwa wilaya ya Nakuru waliwapima pia presha. Walikuwa zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 50 kwenda juu, na karibu nusu yao presha ilikuwa juu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 nao ulikuta kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wote walikuwa hawajawahi hata siku moja kufungwa mkanda wa kupimia mkononi. Wengi wanaojikuta na paketi mkononi, basi, ni watu ambao jana tu walijiona wazima, na huenda hakuna mtu nyumbani mwao aliyewahi kuishi na dawa ya kila siku.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Uko kwenye gari, mnateremka Salgaa, na lori lililo mbele yenu linayumba. Kabla hujafikiri lolote, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimekwisha kumwaga adrenalini kwenye damu. Adrenalini hiyo husafiri ikitafuta viti vya kukalia. Viti hivyo wataalamu huviita vipokezi vya beta, navyo vimo moyoni, kwenye njia za hewa za mapafu, figoni na kwenye mishipa ya damu. Ikikaa kwenye viti vya moyo, moyo huenda mbio na kusukuma kwa nguvu. Ikikaa kwenye viti vya mapafu, njia za hewa hupanuka ili upate pumzi ya kukimbia.

Kizuia-beta ni kama abiria anayefika stendi alfajiri, akakalia kiti, asiende popote. Adrenalini ikija inakuta matatu imejaa. Moyo haupokei ile amri ya kukimbia. Unapiga polepole, kwa nguvu ya kadiri, na kazi yake ikipungua oksijeni unayohitaji nayo hupungua. Hapo ndipo lilipo wazo la James Black, daktari wa Uskoti ambaye baba yake alikufa kwa mshtuko wa moyo. Wenzake wa wakati ule walihangaika kutafuta namna ya kuufikishia moyo mgonjwa oksijeni zaidi. Yeye akageuza swali: kwa nini tusiupunguzie moyo mahitaji yake? Katika miaka ya 1960 kazi yake ikazaa propranololi, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ushike mfano huo wa viti, maana tutauhitaji. Mwili huona kwamba viti vyake vimekaliwa kila siku, miezi nenda miezi rudi, na sauti ya adrenalini haisikiki vizuri. Basi huongeza viti vingine. Hilo halikudhuru kitu maadamu unaendelea kumeza dawa. Lakini siku unapoacha kwa mara moja, wale abiria wa alfajiri wanashuka wote pamoja, na adrenalini ile ile ya kila siku inakuta gari kubwa kuliko la mwanzo, tena tupu. Moyo unaanza kwenda mbio, presha inapanda, mikono inatetemeka. Kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake imebanwa na mafuta, kifua kinauma, na anaweza hata kupata mshtuko wa moyo. Hatari hii haihitaji mwezi. Huja ndani ya siku chache, na huweza kuendelea kwa wiki mbili hivi. Ndiyo maana daktari anayetaka kukuondoa kwenye dawa hii hukupunguzia kidogo kidogo, kwa wiki moja au mbili na wakati mwingine zaidi, huku akikuambia usijichoshe kwa kazi nzito katika siku hizo.

Kwa nini watu huacha? Nimeuliza wengi, na majibu yao yanatoka katika maisha ninayoyajua. Zahanati ya karibu imeishiwa, na mgonjwa ameambiwa arudi wiki ijayo. Pesa za dawa zimekwenda kwenye karo. Mtu amesafiri kwenda mazishini Kericho akidhani ni siku mbili, zikawa sita. Mwingine alichanganyikiwa bima ya zamani ya NHIF ilipoondolewa, na ile mpya ya SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, akakaa nyumbani akingoja mambo yatulie. Wengi husema, "Nilijisikia nimepona." Na wapo wanaopanda Menengai kufunga na kuomba mapangoni kwa siku kadhaa, wakaacha dawa nyumbani kama sehemu ya kufunga kwenyewe.

Kwa hao wa mwisho ninasema kwa heshima yote, kwa kuwa nami nimelelewa katika nyumba ya sala. Ombi na kidonge havigombani. Kama unakusudia kufunga, mwendee daktari kabla, umwambie ni siku ngapi na kama utakunywa maji. Anaweza kukubadilishia saa za kumeza, au akakushauri ufunge kwa namna nyingine, hasa kama una kisukari. Na kama unaamini umeponywa, nenda ukapimwe ukiwa bado unameza. Kama kweli umepona, daktari ataona kwenye kipimo, na atakushusha ngazi moja moja mpaka chini.

Kwa dawa iliyokwisha, utaratibu ninaoufuata nyumbani kwetu ni huu: vikibaki vidonge kumi, safari ya kwenda kuchukua vingine inaanza. Si viwili, kumi, ili kuwe na nafasi ya zahanati kuishiwa na ya mvua kuharibu barabara. Picha ya karatasi ya daktari iwe kwenye simu yako na kwenye simu ya mtoto wako, ili popote utakapokuwa, Eldoret au Mombasa, mfamasia aone ulichoandikiwa. Ukikuta dawa yako haipo kabisa, usikubali "lol" nyingine kwa kuwa tu majina yanafanana. Miligramu 50 za atenololi si sawa na miligramu 50 za kavediloli hata kidogo. Metoprololi pekee ina sura mbili, ya kumeza mara mbili kwa siku na ile inayoyeyuka polepole ya mara moja, na hii ya pili haisagwi wala haitafunwi. Kubadilisha ni kazi ya daktari, afisa wa kliniki au mfamasia mwenye karatasi yako mbele yake. Lakini umfikie mtu huyo leo, usisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Ukisahau kidonge kimoja, kimeze utakapokumbuka. Ikiwa saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, achana na kilichopita. Viwili kwa pamoja usimeze.

Kuna swali moja ambalo kila anayemeza dawa hii anastahili kujibiwa: nimepewa kwa sababu gani? Sababu ni nyingi, na dawa ile ile kwa watu wawili inaweza kuwa na kazi mbili zisizohusiana. Hupewa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, anayebanwa kifua akitembea, na yule ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio, wakiwemo vijana ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliwaharibia vali za moyo. Mwenye rovu ambalo tezi yake inafanya kazi kupita kiasi hupewa propranololi ili moyo na mikono vitulie huku dawa nyingine ikishughulikia tezi. Anayeumwa kichwa cha kipandauso mara kwa mara hupewa ili kisirudi. Mwenye ini lenye makovu hupewa ili mishipa ya koo isipasuke.

Na presha tupu, bila ugonjwa mwingine? Hapa nina neno. Kwa miaka mingi atenololi iliandikwa huku kama dawa ya kwanza ya presha, na wazee wengi bado wako nayo. Siku hizi ushauri ni mwingine. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 haiziweki vizuia-beta miongoni mwa dawa za kuanzia kwa mtu mwenye presha peke yake. Inataja makundi mengine, likiwemo lile la amlodipini na lile la dawa za kukojoza. Mwaka 2019 matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, yalionyesha kwamba kwa wagonjwa Waafrika, mchanganyiko wenye amlodipini ulishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio nayo. Kama dawa yako pekee ya presha ni yenye lol, na hujawahi kuambiwa una tatizo jingine la moyo, una haki ya kumuuliza daktari kama bado ndiyo inayokufaa. Uliza ukiwa unaendelea kuimeza. Huenda ana sababu ambayo hakuwahi kukueleza.

Nirudi kwenye viti vya mapafu, kwa kuwa hapo ndipo ninapoogopa zaidi kwa ajili ya watu wa maeneo yetu ya baridi. Mwenye pumu huko Molo au Mau Summit anayeamka alfajiri kifua kikipiga miluzi hutegemea dawa ya kuvuta, ile ya salbutamoli, nayo hufanya kazi kwa kukalia viti vile vile vya mapafuni. Propranololi huvikalia viti vya moyo na vya mapafu bila kubagua. Njia za hewa hubana, na dawa ya kuvuta inapohitajika inakuta hakuna nafasi. Bisoprololi, metoprololi na atenololi hupendelea viti vya moyo, hivyo daktari anaweza wakati mwingine kumpa mtu mwenye matatizo ya kifua kwa uangalifu, lakini upendeleo huo hupungua kadiri kipimo kinavyopanda. Kama umewahi kuwa na pumu, hata ya utotoni, hata kama miaka 20 imepita, liseme hilo kabla kalamu haijagusa karatasi.

Liseme hata kwenye kliniki ya macho. Presha ya macho, ugonjwa unaopofusha polepole bila maumivu, mara nyingi hutibiwa kwa matone ya timololi, na timololi ni kizuia-beta. Mtu haoni uhusiano wa tone la jicho na kifua, lakini tone hupita kwenye kijitundu cha pembeni mwa jicho, likashuka puani na kuingia kwenye damu. Nyanya mwenye pumu anaweza kubanwa kifua usiku kwa tone moja. Hata asiye na pumu, akishatia tone, afumbe jicho na kubonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa ibaki machoni. Na anayemeza kidonge chenye lol akitia pia tone lenye lol, daktari wa moyo na daktari wa macho wote wawili wajue.

Wenye kisukari nao wana jambo lao. Sukari ikishuka kupita kiasi, mwili hupiga kengele: moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho linatoka. Kizuia-beta hunyamazisha kengele mbili za kwanza. Jasho hubaki. Kwa hiyo anayejidunga insulini au kumeza glibenklamidi ajifunze kuliamini jasho la ghafla lisilo na sababu, apime sukari, na awe na kitu kitamu mfukoni. Hili wanalihitaji sana madereva wa masafa marefu wanaopita Nakuru usiku.

Ngoja niongeze jambo ambalo halisemwi sana huku ingawa tuko mlango mmoja na Baringo, nchi ya asali. Mtu ambaye mwili wake hukataa sumu ya nyuki, akadungwa na uso ukavimba na koo likabana, huokolewa kwa sindano ya adrenalini. Akiwa anameza kizuia-beta, adrenalini hiyo inakuta viti vimejaa, na wauguzi wanaweza kulazimika kutumia dawa nyingine kuisaidia. Wewe uliye na mizinga Marigat au Kabarnet na umewahi kuvimba vibaya baada ya kuumwa na nyuki, mwambie daktari unafuga nyuki. Hatakuuliza mwenyewe.

Kwa wagonjwa wa moyo uliochoka, wale wanaovimba miguu na kulala wameegemea mito mitatu, historia ya dawa hii inastaajabisha. Kwa miaka mingi madaktari walikatazwa kuwapa, kwa hofu kwamba kuupunguzia kasi moyo dhaifu ni kuumaliza. Mwaka 1975 kikundi cha madaktari wa Gothenburg nchini Uswidi, akiwemo Finn Waagstein, kiliandika kwamba kimewapa wagonjwa wachache, nao wakapata nafuu. Wengi hawakuamini. Mwaka 1999 ukatolewa utafiti wa wagonjwa 2,647 huko Ulaya: kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa kama 17 katika kila 100, na kati ya waliopewa bisoprololi walikufa kama 12. Leo bisoprololi, kavediloli na metoprololi ile ya polepole ni nguzo za matibabu ya moyo wa namna hiyo.

Lakini moyo uliochoka hauanzishwi kwa kishindo. Mgonjwa huanza na kipande kidogo kabisa, kikaongezwa baada ya wiki mbili au zaidi, na katika wiki za mwanzo anaweza kujiona mchovu kuliko alivyokuwa. Wengi huacha hapo, wakisema dawa inawaua. Vumilia, ila kwa macho mawili. Jipime uzito kila asubuhi kabla ya chai. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku tatu, miguu ikivimba zaidi, au usiku ukihitaji mto wa nne, piga simu au rudi kliniki mara moja. Kavediloli imezwe pamoja na chakula, maana bila chakula huingia kwa haraka, na ukisimama kizunguzungu kinakuangusha.

Madhara mengine ya kawaida si ya kutisha, ila yanafaa kujulikana. Vidole vya mikono na miguu hupoa, na aliyeajiriwa kwenye vyumba baridi vya kufungia maua Naivasha, au anayekamua ng'ombe saa kumi na moja alfajiri Njoro, atalisikia hilo kabla ya wengine. Soksi nzito na glavu husaidia. Usingizi huja na ndoto za ajabu, hasa kwa propranololi. Mwili huwa mzito katika wiki za kwanza. Baadhi ya wanaume hupungukiwa nguvu za kiume, wakaona haya, wakaacha dawa kimyakimya bila kumwambia hata mke. Ndugu yangu, daktari amelisikia hilo mara nyingi kuliko unavyodhani, na mara nyingi ana dawa nyingine ya kukubadilishia. Kuacha kimyakimya ndiko kunakoweza kukugharimu moyo.

Mapigo ya moyo yapime mwenyewe. Keti dakika tano, weka vidole viwili, si kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu kwa sekunde 60 ukitazama saa ya simu. Andika. Ukipata chini ya 50 na unahisi kizunguzungu, unakaribia kuzirai au pumzi ni fupi, usimeze kidonge kinachofuata kabla ya kuzungumza na mtaalamu, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Wakimbiaji wetu wa Nyahururu na Iten wana mapigo ya 40 na kitu wakiwa wazima kabisa, na hao ni habari nyingine. Mkimbiaji anayepewa dawa hii ajue kwamba moyo wake hautapanda tena kufikia kasi ya zamani, na saa ya kupima mapigo haitamwambia ukweli kuhusu juhudi zake. Hata wewe unayepanda Menengai Jumamosi, pima kwa mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sawa.

Presha nayo si lazima usubiri kliniki. Tangu mwishoni mwa 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Yule anayepita mtaani kwenu Kaptembwo au Rhonda, mwite.

Kwenye kemisti, sema neno moja kabla ya kununua chochote: "Ninameza dawa ya moyo." Diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua kwa maumivu ya mgongo hupandisha presha na kuivunja kazi ya kidonge chako. Baadhi ya dawa za mafua zina kemikali inayousukuma moyo. Verapamili na diltiazemu zikikutana na kizuia-beta bila uangalizi, moyo unaweza kupiga polepole hadi hatari. Muguka na miraa vinavuta moyo upande mmoja na dawa inavuta upande mwingine, na huwezi kujua nani atashinda usiku huo. Kama unatafuna, daktari anahitaji kujua. Hayuko pale kukuhukumu.

Mama mjamzito asiendelee na atenololi aliyoanzishwa kabla ya mimba bila kumwona mtaalamu, maana inaweza kudumaza mtoto tumboni; labetaloli na methaildopa ndizo zinazotumika zaidi. Lakini asiache mwenyewe pia. Aende kliniki mapema, siku anapojua.

Vijana wamenieleza kwamba siku hizi propranololi hununuliwa kimagendo kabla ya usaili wa kazi au kupanda jukwaani, ili mikono isitetemeke. Inafanya hivyo kweli. Lakini anayekupa bila kuuliza kama una pumu, au kama mapigo yako tayari yako chini, anacheza na pumzi yako. Na propranololi iliyozidi kipimo ni hatari sana, kwa mtoto mdogo zaidi, ambaye sukari yake inaweza kuporomoka hadi akapata degedege. Ndiyo maana shangazi hupandisha mkebe juu ya kabati.

Mkebe huo sasa una karatasi ndani ya kifuniko, niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito aweze kuisoma bila miwani. Jina la kila dawa, kazi yake, saa yake. Mbele ya ile ya lol nimeandika: "Ya moyo. Haiachwi." Chini yake kuna namba ya simu ya binti yake na ya mfamasia wake. Alipoisoma alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia ile moja ilikuwa ya moyo. Wiki iliyopita alinipigia simu saa mbili asubuhi. Vimebaki kumi, akasema, na yuko stendi.